Kitufe Hakiitikii? Pima Kabla ya Kuagiza Paneli

Mashine iliyonifunza adabu ilikuwa ya kukereza vyuma, ya kompyuta, ya zamani, iliyoingia nchini ikiwa mtumba. Vitufe vitatu vya paneli ya kuiendeshea vilikuwa kimya na mwenye karakana alishaambiwa aagize paneli nzima kutoka nje. Nikajifanya mjanja. Nikafungua, nikapuliza ile dawa ya kulegezea nati zilizoshika kutu, nikafunga. Vikafanya kazi! Nikalipwa, nikaondoka kifua mbele. Wiki mbili baadaye simu ikalia: vitufe vimekufa tena, na safari hii mafuta yangu yalikuwa yameshika vumbi la chuma, ndani kumejaa uji mweusi.

Kumbe hata siku ile dawa haikusaidia kitu. Kilichosaidia ni kuchomoa na kuchomeka tena ule utepe bapa wa nyaya.

Siku hizi naanza kwa kalamu. Nachora vitufe vilivyo, natia alama vilivyokufa. Kwenye paneli nyingi vimepangwa kama mashimo ya bao: kila kimoja kinakutanisha waya wa safu mlalo na waya wa safu wima. Vikifa vya safu moja, usivilaumu vitufe. Angalia utepe, soketi yake na njia za shaba kwenye bodi. Ncha za utepe nazifuta taratibu kwa kifutio cha penseli, kisha isopropili, ile spiriti ya kusafishia, ya asilimia 99. Msasa weka mbali, unakwangua utandu wote unaofunika shaba ya ncha hizo.

Vikiwa vimetawanyika, pima kimoja kimoja kwa mita ya umeme. Zima swichi kuu, ipige kufuli, subiri kapasita, vile vipande vinavyohifadhi umeme, zimwage chaji. Kitufe cha chuma kikibonyezwa kisome chini ya omu 1 (omu hupima ukinzani wa umeme). Cha mpira chenye kidonge cheusi cha kaboni kinaweza kusoma makumi au mamia ya omu na bado kikawa kizima. Kikisoma maelfu, kaboni imeisha. Mimi huchukua vidonge kwenye rimoti mbovu ya televisheni, nakata kwa wembe na kubandika. Gundi iwe silikoni isiyonuka siki, kwani ile yenye harufu ya siki inakula shaba.

Vile vitufe vikubwa vya duara, vya tundu la milimita 22, havina shida. Nyuma kuna kibloku cha mguso kinachochomoka. Namba 3 na 4 hugusana ukibonyeza, 1 na 2 huachana. Badilisha kibloku peke yake, kichwa kibaki.

Kitufe chekundu cha dharura sikikarabati kabisa. Kikisumbua nanunua kipya, na mteja akiniambia nikiunganishe moja kwa moja ili kazi iendelee, nafunga mkoba wa vifaa.

Halafu kuna betri. Mashine nyingi za aina hii hutunza vipimo vyake, yaani mipangilio ya kuiendesha, kwenye kumbukumbu inayoshikiliwa na betri ndogo, mara nyingine iko jirani na paneli unayoifungua. Ukiichomoa umeme ukiwa umezimwa, unaweza kurudisha vitufe vizima kwenye mashine isiyokumbuka chochote. Kabla ya kugusa bisibisi, muulize mwenye mashine kama nakala ya vipimo ipo. Akisema haipo, washa mashine, piga picha kila ukurasa wa vipimo kwa simu, ndipo uzime uanze kazi.