Ufunguo wa Mercedes 240D unakwama: nivumilie au nibadilishe kitasa?

SWALI: Assalamu alaikum. Mimi ni mkazi wa Shela, Malindi, na ninaendesha Mercedes 240D ya mwaka 1982 niliyoachiwa na marehemu ami yangu. Injini haijanisumbua, lakini tangu mwezi wa Ramadhani ufunguo umekuwa mgumu kugeuka. Asubuhi huuingiza, nikautikisa, nikauchomoa kidogo na kuurudisha, na siku nyingine hupita dakika nzima kabla haujakubali. Fundi mmoja ameniambia nipulize mafuta nisubiri, na mwingine anataka kunifungia kibonyezo cha stata ili nisahau habari ya ufunguo. Gari hili ndilo linalompeleka mama kliniki kila mwezi, nami naogopa lisije likatukwamia njiani. Nifuate ushauri wa nani?

JIBU: Wa alaikum salaam, ndugu yangu, na Mwenyezi Mungu amrehemu ami yako. Usivumilie. Badilisha silinda ya kitasa wiki hii hii, wakati ufunguo bado unakubali kugeuka, kwa sababu kitasa cha gari lako kimeundwa kwa namna ambayo silinda yake haitoki mpaka ufunguo uwe umegeuzwa hadi nafasi ya kwanza. Siku ufunguo utakapogoma kabisa ukiwa katika nafasi ya sifuri, yaani pale unapoingizwa na kutolewa, kazi ya nusu saa itageuka kuwa kazi ya siku nzima ya drili na tupa, na wakati huo komeo la usukani litakuwa limeshuka, kwa hiyo hata kulisukuma gari hadi gereji hutaweza, maana magurudumu ya mbele hayatakubali kukata kona.

Ili uelewane na fundi wako, jua kwamba kile tunachokiita swichi ya ufunguo ni vitu vitatu vilivyoshikana. Cha kwanza ni silinda, ile sehemu ndogo ya duara inayopokea ufunguo, ambayo ndani yake mna vibati vyembamba vyenye springi. Cha pili ni mwili wa kitasa wenye komeo linalofunga usukani. Cha tatu, nyuma kabisa, ni swichi ya umeme inayopeleka moto kwenye hita za injini na kwenye stata. Lau ufunguo wako ungegeuka vizuri lakini taa za dashibodi zikawa zinakatika, au stata ikawa kimya, ningekuambia kasoro iko kwenye swichi ya umeme. Dalili ulizozieleza ni za silinda, na pengine za ufunguo wenyewe.

Hebu uchukue ufunguo huo uutazame kwenye mwanga wa jua, ukiulinganisha na ule wa akiba ikiwa ami yako aliuacha. Utaona meno yamelainika, ncha zake zimekuwa za mviringo kama kokoto ya ufukweni, na kati yake na ufunguo wa akiba kuna tofauti ndogo isiyozidi unene wa ukucha. Tofauti hiyo inatosha kuvifanya vibati vya ndani visipande mahali pake. Ndiyo maana kumpelekea mchonga funguo ufunguo uliolika ili akunakilie mwingine hakusaidii, kwani atakuchongea ulevule ubovu. Ufunguo sahihi huagizwa kwa wakala wa magari hayo kwa kutumia nambari ya chasi, nawe utaombwa uthibitishe kwamba gari ni lako, kwa hiyo ikiwa kitabu cha gari bado kina jina la marehemu, lianze hilo kwanza. Hewa yetu ya chumvi nayo huchangia, hasa kwa gari linalolala nje upande wa bahari, lakini kinachoua vitasa hivi zaidi ni umri, pamoja na shada la funguo za nyumba na duka linaloning'inia na kuyumba gari linapokwenda. Ondoa shada hilo leo.

Kuhusu mafuta, fundi wa kwanza hakukosea sana. Mafuta ya kupuliza hulainisha kwa siku chache, kisha huvuta vumbi likawa tope ndani ya silinda. Unga wa grafiti ni bora zaidi. Hata hivyo, hakuna mafuta yanayorudisha chuma kilichokwisha kulika.

Mpaka spea ifike, usiutoe ufunguo. Uache katika nafasi ya kwanza, ambapo usukani haujifungi, chomoa waya hasi wa betri usiku, na uliweke gari ndani ya ua wenye lango la kufunga. Ni usumbufu, najua, lakini ni mdogo kuliko ule mwingine. Fundi atakapoanza kazi, atatia waya mwembamba mgumu katika kitundu kilicho kando ya tundu la ufunguo, ataubana ndani, kisha atafungua pete nyeusi inayozunguka silinda kwa kuizungusha kinyume cha saa, na silinda itavutwa nje pamoja na ufunguo wake. Nimeona waya wa mwavuli wa zamani, uliochongwa ncha kwa mshazari, ukifanya kazi hiyo vizuri kabisa. Na endapo ufunguo utagoma kabla ya siku hiyo, usiulazimishe kwa koleo, kwani utakatikia ndani. Jaribu ufunguo wa akiba, tikisa usukani kushoto na kulia ili komeo lipate nafasi, na ugonge kichwa cha ufunguo polepole kwa kipande cha mbao huku ukiugeuza.

Ushauri wa kibonyezo cha stata naupinga kwa moyo wote. Kibonyezo hakiondoi komeo la usukani, na kitasa kibovu kilichoachwa mahali pake kinaweza kulishusha komeo hilo wakati gari liko mwendoni. Sitaki kumfikiria mama yako ndani ya gari hilo pale daraja la Sabaki.

Limebaki jambo moja linalohusu dizeli. Injini yako haihitaji umeme ili iendelee kuzunguka. Huzimwa kwa vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa, inayopita katika vali ndogo nyuma ya kitasa hicho hicho, na mpira wake ni rahisi kuchomoka fundi anapochokonoa humo. Kabla hujamlipa, washa gari, liache lipate moto, kisha uzime kwa ufunguo. Likiendelea kunguruma, fungua boneti ubonyeze mkono ulioandikwa STOP juu ya injini mpaka linyamaze, halafu umrudishe fundi chini ya dashibodi akautafute mpira ulioachia.