Nguo ya mlimani imefuliwa lakini kikwapa kimegoma kutoka

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi niko Mbeya mjini, napeleka wageni Ziwa Ngozi na mlima Rungwe, na nguo zangu za kazi karibu zote ni tisheti za poliesta na jaketi nilizochagua mtumba pale Mwanjelwa. Shida yangu ni kikwapa. Nafua na sabuni ya unga, natia na softena, ikiwa kwenye kamba inanukia vizuri tu, ila nikianza kupanda mwili ukapata joto harufu inarudi utafikiri sijafua, naona hata aibu kumsogelea mgeni. Nimejaribu kupulizia pafyumu ndo ikawa balaa. Je nizitupe? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Usitupe mdogo wangu, na wala usijione mchafu, maana hili linawapata wengi sana wanaovaa poliesta na kufanya kazi ya nguvu. Jasho lenyewe likitoka mwilini halina harufu ya maana, kinachonuka ni kazi ya bakteria wanaokula yale mafuta na uchafu wa kwapani. Sasa uzi wa poliesta haupendi maji ila unapenda mafuta. Pamba inaweza kunyonya unyevu wa hewani kama asilimia 8 ya uzito wake, poliesta haifiki hata asilimia 1, ndo maana inakauka haraka na ndo maana tunaipenda mlimani, lakini mafuta ya mwili yanaingia kwenye huo uzi na kung'ang'ania kama mafuta ya nyama kwenye kontena la plastiki uliloosha kwa maji ya baridi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent kule Ubelgiji waliwapandisha watu 26 baiskeli za mazoezi wamevaa tisheti, wakaziacha tisheti zikae saa 28 halafu wakazinusa, za poliesta zikanuka vibaya kuliko za pamba, na kuna bakteria wanaoitwa Micrococcus walikutwa wamestawi kwenye poliesta.

Kwa hiyo unachopigana nacho ni mafuta. Na hapo ndo naomba unisikilize vizuri kuhusu hiyo softena: iache kabisa kwa nguo hizi. Softena inaacha utando juu ya uzi, huo utando unafunika mafuta ya zamani yasifikiwe na sabuni, kila ukifua unaongeza tabaka jingine, halafu unanusa maua siku mbili, jasho likija kila kitu kinafumuka. Pafyumu ni hivyo hivyo.

Fanya hivi. Geuza nguo nje ndani, kwapani pakiwa pakavu pakavu pakaa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ile ya kawaida ya dukani, maana imetengenezwa kukata mafuta, fikicha taratibu kwa vidole au mswaki wa zamani kisha iache ikae kama robo saa. Halafu loweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu yenye bekingi soda, nusu kikombe kwa beseni la kawaida, iache ilale humo usiku kucha. Bekingi soda lakini, sio bekingi pauda, watu wanachanganya sana dukani. Inasaidia kwa sababu sehemu kubwa ya kile kinachonuka kwapani ni tindikali, na soda inazipoza zinaondoka na maji. Asubuhi fua na sabuni yako ya unga, sabuni kidogo tu, suuza mpaka maji yatoke meupe kabisa, maana povu likibaki nalo linashika uchafu mpya. Wengine wanatumia siki nyeupe, kipimo kimoja cha siki kwa vinne vya maji kwa nusu saa, inafaa pia hasa kutoa mabaki ya sabuni, ila usiichanganye na bekingi soda kwenye beseni moja, zitachemka povu zuri la kuangalia halafu zimeuana, huna kitu.

Jiki usiiguse. Inaunguza ile mipira inayofanya nguo ivutike, na ikikutana na siki inatoa gesi ya klorini ambayo ni sumu kwenye mapafu, sitaki hata mtu ajaribu.

Maji ya moto nayo yana mpaka wake. Najua bomba la Mbeya mwezi wa sita linavyouma mkono, mji uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na maji yale hayayeyushi mafuta hata ukifikicha mpaka vidole vife ganzi. Chemsha kidogo uchanganye. Angalia lebo ndani, kale kabeseni kenye 30 au 40 ndo nyuzi joto za mwisho, kama imefutika chukulia 40, yaani mkono unakaa ndani bila shida.

Kuanika ndo kazi nyingine. Kiangazi jua la kwetu ni kali hata kama kuna baridi, kwa hiyo anika nje, kwapa zikitazama jua. Ila masika, na huko Tukuyu ndo usiseme, nguo inaweza kubaki na unyevu siku nzima na bakteria wanafurahi, basi ining'inize penye upepo, barazani, isikunjwe. Usiiweke juu ya jiko la mkaa, poliesta inayeyuka, na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua watu. Ukishuka mlimani usiache tisheti mbichi kwenye begi mpaka kesho, hata kama umechoka vipi isuuze kwa maji matupu uitundike.

Na ukirudi Mwanjelwa tafuta fulana nyepesi ya sufu, inakaa siku nyingi bila kunuka na baridi ya Rungwe inaiweza.

SWALI: Dada kamwene, nina koti la mvua la mtumba nilinunua Mlandege, limeandikwa Gore-Tex (kile kitambaa kinachozuia mvua ila kinapitisha mvuke wa jasho), linanuka jasho. Nimeambiwa nikilifua litaanza kupitisha maji. Kweli? – Msomaji, Iringa

JIBU: Kamwene. Sio kweli, uchafu na mafuta ndo vinaliharibu zaidi. Funga zipu zote, fua na sabuni ya maji kidogo, bila softena, suuza mara mbili. Likikauka tandika kitambaa safi juu yake upitishe pasi ya moto mdogo, ule moto unaamsha dawa ya juu inayokataa maji. Kisha limwagie maji, yakijikusanya matone na kuteleza liko salama. Ila ligeuze uangalie ndani: kama kuna utando unanata au unabanduka vipande na harufu yake ni kama matapishi, hiyo sio jasho, ni mpako umeoza kwa uzee na hakuna sabuni itakayouponya, siku nyingine ukiwa unachagua koti geuza kwanza ndani unuse kabla ya kutoa hela.