Mtoto wa mitaani akiugua, anaulizwa kwanza "umekuja na nani?"

Mleta uzi umeuliza kwa nini watoto wa mitaani wa pale Mwanjelwa, Mbeya, wanakaa na vidonda mpaka vinatoa usaha wakati msamaha wa kulipia matibabu upo. Mkuu, upo kweli, ila kuupata kunataka mtu mzima wa kuuhangaikia.

Nauza mitumba hapohapo. Juni mwaka juzi, baridi ya Mbeya mnaijua, kuna dogo wa miaka kama 11 alilala na wenzake kando ya moto wa maboksi. Akajigeuza usingizini, mguu ukaingia motoni. Nilimwona siku ya nne anachechemea. Kidonda kakivalisha soksi, juu yake mfuko wa mkate, eti vumbi lisiingie. Soksi ilishagandana na nyama. Nesi aliilowesha taratibu karibu nusu saa ndipo ikaachia, dogo ameng'ata kola ya jaketi langu.

Ila kabla ya nesi kuna dirisha la mapokezi. Jina la baba? Kimya. Unakaa mtaa gani? Kimya. Umekuja na nani? Hapo akataka kutimua mbio, maana kwake maswali hayo mwisho wake ni kurudishwa kwa baba wa kambo. Nikasema ni mdogo wangu, nikalipia. Afisa ustawi wa jamii, ndiye wa kuidhinisha msamaha, alikuwa semina, njoo kesho. Mimi nilirudi. Yeye peke yake angerudi?

Na aliyepigwa au kukatwa ndiyo kabisa, ataambiwa alete PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na polisi ndiko anakokukimbia.

Halafu dawa: "mbili mara tatu baada ya kula." Ale wapi mara tatu? Akilala na vidonge barazani, asubuhi havipo. Nikaviweka kwenye droo ya kibanda, akawa anapita kumeza. Mama ntilie jirani akamwekea uji bila kuombwa.

Kwa hiyo ukitaka kusaidia, mia tano yako haifiki mbali. Nenda naye, simama dirishani. Ulizia sindano ya pepopunda. Akiwa na kikohozi cha wiki mbili, apimwe TB, dawa zake ni bure ingawa mara nyingi ni za miezi 6. Ukikwama piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, haikati salio.

Kidonda kilifunga wiki ya tano, dogo akadandia lori la Tunduma bila kuaga. Cheti chake cha matibabu bado kiko kwenye droo, kina jina la baba yangu.