Kabla hujalipa kijana wa tovuti, jua anachokuuzia

"Yaya, samahani kwa kukusumbua. Kijana aliyenitengenezea tovuti ananiambia mwezi huu nimepata hiti 40,000. Anataka nimwongeze dola 80 za SEO na dola 60 za hostingi. Hiti 40,000 ni nyingi? Maana sijauza hata kitenge kimoja kupitia hiyo tovuti."

Aliyeniandikia anauza vitenge huku Kenya. Komini yetu ya Lubumbashi hapa Kongo, si nchi. Wasomaji wa Mombasa mtanisamehe. Nilianza kumjibu kwa sauti kwenye WhatsApp, sauti ikawa ndefu kama mahubiri, nikaona afadhali niandike wote msome. Najua wengi wenu mna hamu ileile: duka liwe dogo mjini, wateja watoke Likasi, Kolwezi, Kasumbalesa, hata Ndola ng'ambo ya mpaka. Mimi nauza betri za sola na inverta, na nimefika hapo. Mwezi uliopita inverta kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo ilichukuliwa na mtu wa Kolwezi ambaye hatujawahi kuonana uso kwa uso. Aliniona Google, akaandika, akatuma nusu ya pesa, mzigo ukapanda basi, nusu nyingine ikaingia jioni ileile. Sisemi hivi kwa kujisifu. Haya, najisifu kidogo.

SEO na hostingi nitazieleza mbele. Tuanze na hizo hiti, maana ndizo zinazowalewesha watu. Hiti si mtu. Hiti ni kila faili ambalo seva imeombwa kulituma. Nimefungua tovuti ya mdogo wangu huyu kwenye simu: ukurasa wa mwanzo peke yake una picha 34 za vitenge, juu kuna nembo, na nyuma yake kuna mafaili mengine madogo ya rangi na mpangilio. Mtu mmoja akifungua ukurasa huo mara moja tu, seva inaandika hiti karibu 40. Gawanya basi 40,000 kwa 40, unapata kurasa 1,000 zilizofunguliwa. Kila mgeni akipitia kurasa nne, umebaki na wageni 250 kwa mwezi mzima. Humo kuna roboti za Google na Bing zinazozunguka kusoma tovuti za dunia nzima, kuna kijana mwenyewe anayefungua kila siku kuangalia kazi yake, na kuna dada zako uliowatumia kiungo. Toa hao wote, uhesabu upya.

Kwa hiyo akikuletea namba, muulize ni namba ya nini. Kurasa zilizotazamwa ni jambo moja. Ziara ni jingine: mtu mmoja akija asubuhi na akarudi jioni, ni ziara mbili. Mgeni ndiye huyo mtu mmoja, au kwa ukweli zaidi ni simu moja, kwa sababu ukifungua kwa simu halafu kwa kompyuta ya kazini mara nyingi unahesabiwa wawili. Mwonekano ni pale jina la tovuti yako lilipojitokeza kwenye majibu ya Google hata kama hakuna aliyeligusa. Mbofyo ni pale walipoligusa. Ukionekana mara 3,000 ukabofywa mara 30, hiyo ni moja kwa mia. Haya yote yanaonekana bure kwenye Google Analytics na Search Console. Huna haja ya kusubiri ripoti yake, unahitaji tu akuwekee ruhusa kwenye Gmail yako. Yako wewe, si yake.

Kuna neno moja ambalo hao vijana hawalitaji sana: konvesheni. Ni sehemu ya wageni waliofanya kile ulichotaka wafanye. Wageni 250, watano wakakuandikia, wawili wakanunua: mbili kwa 250, chini kidogo ya moja kwa mia. Mimi kila mtu mpya anayeniandikia namuuliza alinipata wapi, nachora kamstari kwenye daftari. Hicho ndicho kipimo changu, na sijaona programu iliyokishinda.

Halafu zile picha, mdogo wangu. Nimepima moja: zaidi ya mega 4, imetoka kwenye simu ikapandishwa vilevile ilivyo. Picha 34 za uzito huo zinapita mega 130. Mteja wako amenunua mega kwa pesa yake na bado ana WhatsApp ya kulisha. Hawezi kuzimalizia kwenye ukurasa wako kabla hata hajaona bei. Picha ya tovuti ikiwa kilobaiti 150 au 200 inatosha na kitenge kinang'aa vizuri tu. Zikipunguzwa hivyo, picha zote 34 zitakuwa na uzito wa mega 7 hivi. Kazi hiyo ni ya nusu siku na haiitwi SEO.

Sasa tuje kwenye domeini, yaani jina la tovuti, lile linaloishia na .com. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo nilipoumizwa.

Tovuti yangu ya kwanza ilitengenezwa na mtu tuliyesali naye kanisa moja. Alifanya kazi nzuri, sitamnyima hilo. Invoisi aliyonipa ilikuwa na mstari ulioandikwa "jina la domeini, mwaka 1", nikalipa. Nikachapisha kadi. Nikamwita mchoraji akaandika anwani nzima kwenye kibao cha duka, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, ile .com mwishoni akaikuza kuliko jina langu mwenyewe, na mimi nikaona imependeza. Kila mwaka nikawa nalipa anachotaja. Ulifika mwaka akataja bei ambayo sikuielewa, dola 120 kwa jina peke yake, wakati jina la .com kwa kawaida ni kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka. Nilipouliza, alinijibu kwa upole kabisa: "Mama, lile jina ni langu, limeandikishwa kwangu."

Na ilikuwa kweli. Domeini ni kama parseli, yaani kiwanja chenye nyumba: anayelala ndani si lazima awe mwenye karatasi. Jina unaliandikisha kwa kampuni ya uandikishaji, na kwa sheria za huko mwenye jina ni yule aliyeandikwa kuwa mwenyewe wakati wa kuliandikisha, si aliyetoa pesa. Aliandika jina lake, barua pepe yake, nenosiri lake. Wapo walioniambia nilikuwa mzembe. Sikubali mpaka leo. Anayelipia kitu kilichotajwa kwenye invoisi ana haki ya kuamini amekinunua.

Nilitafuta njia ya kulirudisha. Ipo, inaitwa UDRP, imekuwepo tangu 1999, na kesi nyingi zinasikilizwa na Shirika la Miliki Ubunifu Duniani lililoko Geneva. Ada ya kesi yenye mwamuzi mmoja ni dola 1,500, na hiyo haina wakili ndani yake. Tena lazima uonyeshe una haki ya alama ya biashara, kwamba mwenzako hana haki yoyote juu ya jina hilo, na kwamba aliliandikisha na kulitumia kwa nia mbaya. Mimi na kibao changu cha barabarani, alama ya biashara ningeitoa wapi? Niliacha. Mchoraji akarudi na rangi nyeupe, akafuta zile herufi. Kadi zilizobaki watoto wa dada yangu walichorea upande wa nyuma mpaka zikaisha.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Yule bwana hata hakulitumia lile jina. Aliliacha likaisha muda. Jina la .com likiisha, mwandikishaji anaweza kukupa siku za neema, kisha kuna siku 30 za kulikomboa kwa bei ya juu, kisha siku 5 za kungoja, halafu linakuwa huru kwa yeyote duniani. Kuna watu kazi yao ni kuvizia majina kama hayo, kwa sababu tayari yana viungo na wageni. Langu likachukuliwa likawa tovuti ya kamari. Wateja wa zamani walinipigia: mama, siku hizi mnabahatisha mpira? Yeye bado tunakutana kanisani. Ananisalimia, namjibu vizuri.

Kwa hiyo nisikilizeni. Akaunti ya domeini ifunguliwe mbele yako, kwa barua pepe yako, na nenosiri ulijue wewe. Usiridhike na kuambiwa "angalia WHOIS", ile daftari ya umma ya wenye majina, kwa sababu tangu Mei 2018, sheria ya Ulaya ya faragha ilipoanza kazi, majina mengi huko yamefichwa. Kipimo ni kimoja: unaweza kuingia kwenye akaunti leo bila kumpigia mtu simu? Kama huwezi, jina si lako. Muulize pia msimbo wa kuhamisha jina, kile kinachokuruhusu kulitoa kwa mwandikishaji mmoja kwenda kwa mwingine. Fundi mwaminifu anakupa bila kununa.

Safari ya pili nilichukua .cd, ambayo ni yetu tangu 1997 nchi ilipoacha kuitwa Zaire, zamani ilikuwa .zr. Kanuni na bei zake si zile za .com, kwa hiyo uliza kabla. Mteja mmoja alidhani nauza muziki. Tulicheka, akanunua betri.

Hostingi ni fupi. Unakodi nafasi kwenye seva, kompyuta isiyozimwa ambayo inahifadhi kurasa zako na kuzituma zikiombwa. Mara nyingi iko Ulaya au Marekani, kwa hiyo SNEL wakikata umeme Katuba tovuti yako haijui habari hiyo. Mwisho wa Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilipokatwa nchini karibu wiki tatu, sisi tuliona giza lakini mtu wa Lusaka alifungua tovuti kama kawaida. Wakikuahidi "asilimia 99.9 hewani", ni ruhusa ya kuzimika karibu saa 9 kwa mwaka. "Asilimia 99" inasikika karibu sawa, kumbe ni zaidi ya siku tatu na nusu. Kwa sisi wa Lubumbashi hata hiyo ni anasa, lakini unalipia, basi ujue. Na "nafasi isiyo na kikomo" daima ina kikomo, kimeandikwa kwenye masharti ambayo hakuna anayesoma.

WordPress, programu ya kutengenezea tovuti: yenyewe ni bure tangu ilipotoka 2003. Kama kuna mstari wa "leseni ya WordPress" kwenye invoisi yako, uliza ni leseni ya kitu gani hasa, kwa sababu mavazi ya tovuti na vijiprogramu vya ziada vinaweza kuuzwa kwa haki, lakini yenyewe haiuzwi. Kile kikufuli cha HTTPS pia: Let's Encrypt inatoa cheti bure, na tangu Julai 2018 Chrome inaandika "si salama" kwenye tovuti isiyo nacho. Ila kikufuli kinasema tu kwamba njia kati ya simu na tovuti imefichwa macho ya watu. Tapeli naye ana kikufuli.

SEO ni kazi halali, nisiichafue. Ni kuipanga tovuti ili Google iielewe na kuiweka mbele ya anayetafuta. Lakini anayekuahidi nafasi ya kwanza anakudanganya. Google wenyewe wameandika kwamba hakuna anayeweza kuihakikisha. Wanauza matangazo, nafasi katika majibu ya kawaida hawauzi. Yule anayekujazia orodha ya "maneno muhimu" yaliyofichwa ndani ya ukurasa anakuuzia kitu ambacho Google walitangaza 2009 kwamba hawakitumii kupanga majibu. Na anayekununulia viungo 500 kutoka tovuti usizozijua anakutafutia adhabu. Vijana, kama kazi hii mnaijua, mwelezeni mteja kwa maneno yanayoeleweka. Mama aliyekaa sokoni tangu saa kumi na mbili asubuhi pesa yake haikuokotwa, na kumtajia herufi tatu ili atoe dola 80 ni kumwibia huku mnatabasamu.

Basi mdogo wangu, jibu langu ni hili. Dola 80 zisubiri. Mwambie kwanza apunguze picha, aandike bei chini ya kila kitenge, na kichwa cha ukurasa kisiwe "Karibu" bali "Vitenge Lubumbashi, jumla na rejareja", kwa sababu hakuna anayetafuta "karibu" kwenye Google. Namba yako ya WhatsApp iwe juu, si mwisho kabisa ambako nimeikuta. Dola 60 za hostingi, mwombe akuonyeshe invoisi ya kampuni ya hostingi yenyewe. Ikiwa inasema 60, au inakaribia humo pamoja na jasho lake, mlipe leo, ni haki yake. Nenosiri la domeini liombe siku hiyohiyo, pesa ikiwa bado iko mkononi mwako. Akianza kuzunguka, usigombane naye kwa simu. Mwambie akuandikie, uhifadhi ujumbe, kisha unipigie.