Muulize Shangazi: "Huyo nesi wa zamani ananihusu nini?"

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni nesi niko zahanati moja huku Pangani, mwaka wa pili sasa kazini. Kila ikifika 12 Mei, siku ya wauguzi duniani, tunawasha mishumaa tunaambiwa tufuate nyayo za Florence Nightingale. Kwakweli nimechoka, zamu nakuwa peke yangu, ndugu wa wagonjwa wananitukana, na jioni madaftari ya MTUHA, yale ya kujaza takwimu za wagonjwa, bado yananisubiri. Huyo mama wa Uingereza ananihusu nini mimi? Alafu niache kazi au?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nimefanya unesi miaka mingi hapa Tanga mpaka nikastaafu, kwahiyo uchovu huo naujua, na wala sikwambii uvumilie tu.

Naona wamekupa mshumaa, habari yenyewe hawakukupa. Nightingale alifika Scutari, hospitali ya jeshi la Uingereza huko Uturuki, mwaka 1854, vita vya Crimea hivyo, wodi zimefurika, na askari wengi waliokuwa wanakufa hawafi kwa risasi, wanakufa kwa kipindupindu na kuhara na homa. Mwaka 1855 serikali yao ikatuma watu wakazibua mifereji ya maji machafu, wakafungua hewa, vifo vikashuka. Aliporudi kwao akakaa na mtaalamu wa takwimu William Farr wakawa wanahesabu nani kafa, kafa na nini, mwezi kwa mwezi, na 1858 akatoa mchoro wa rangi ili hata mkubwa asiyependa tarakimu auangalie tu aelewe. Sasa hiyo kama sio MTUHA ni nini? Lile daftari unalolichukia ndio kazi yake hasa, manake watoto wa kitongoji kimoja wakija na kuhara wiki nzima, wewe ndio wa kwanza kuona kwamba kuna kisima cha kwenda kuangaliwa, na usipoandika hakuna atakayejua.

Kama unataka mwingine, kuna Mary Seacole wa Jamaica, uganga wa mitishamba kafundishwa na mama yake. Aliomba London apelekwe Crimea wakamkatalia, akajilipia nauli akaenda mwenyewe. Na Lucy Lameck wetu wa Moshi alisomea unesi kabla ya siasa, huyu akafika mpaka ngazi ya uwaziri, mwanamke wa kwanza nchini.

Ila walionishika mimi hasa ni wa hapahapa. Nilipoanza leba kulikuwa na sista mmoja mtu mzima, mkali lakini mikono yake, we acha! Kabla hajamgusa mama tumboni anasugua viganja kwanza vipate joto. Akiweka ile fetoskopu ya kusikilizia moyo wa mtoto, sikio limeinama, mkono mwingine kashika mapigo ya mama kwenye kifundo cha mkono, nikamuuliza kwanini, akasema usije ukasikiliza moyo wa mama ukaandika wa mtoto. Hilo nimelifanya mpaka siku naondoka kazini, na wanafunzi wangu wote nimewafundisha. Jina lake halipo kwenye bango lolote wala hakuna anayemuwashia mshumaa, na mi linaniuma.

Kwahiyo watafute wa kwako. Pangani hapo hawakosi masista waliostaafu, nenda jioni kamsalimie mmoja, mwambie akusimulie walivyokuwa wanachemsha sindano za kioo, walivyokuwa wanafanya mama anapovuja damu usiku na gari hakuna. Muulize pia matusi ya ndugu alikuwa anayajibuje, hapo ndio utapata dawa. Na 12 Mei ijayo muombe inchaji wenu wamualike huyo bibi aongee yeye, hotuba zipungue.

Kuhusu kuacha, usiamue ukiwa umetoka zamu ya usiku. Likizo yako ya mwaka umeichukua? Kama bado, ijaze fomu wiki hii, na hiyo ya kuwa peke yako zamu iandikie barua kwa mganga mfawidhi ubaki na nakala. Ukitoka likizo bado moyo haupo, niandikie tena tuongee.