Huyu Nani? Kamera, Kuhariri Picha na Uso wa Mama Mkubwa

Mama mkubwa aliishika ile picha kwa vidole viwili, akasogea nayo mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akanirudishia.

"Mwanangu, huyu nani?"

Nikamwambia ni yeye. Akatikisa kichwa. "Mimi si mweupe hivi. Na hapa," akagusa shavu chini ya jicho la kushoto, "nina kovu. Umelipeleka wapi?"

Ilikuwa Tukuyu, mwaka 2012. Nilikuwa na miaka zaidi ya kumi ya kupiga picha kwa mapenzi tu, tangu enzi za filamu ya picha 36 tuliyokuwa tukiipeleka Mbeya mjini kusafishwa. Nilikuwa nimehamia kwenye kamera ya digitali mwaka uliotangulia, na programu ya kuhariri picha ilikuwa bado mpya mikononi mwangu. Kila ilichoweza kufanya, nilikifanya kwenye uso wa mama mkubwa: niliung'arisha, nikalainisha ngozi, nikafuta kovu alilolipata utotoni akipuliza moto jikoni. Niliamini nampelekea zawadi.

Swali lake ndilo ninalotumia hadi leo kupimia kila shilingi ninayotoa kununua kifaa na kila dakika ninayokaa mbele ya kompyuta. Vijana wa hapa Mbeya wakinijia na "Shikamoo mzee, ninunue kamera gani?", nami huwauliza kwanza: unampiga nani, wapi, na saa ngapi?

Mimi huwapiga watu, zaidi ndugu na majirani, na mara nyingi ndani ya nyumba. Jikoni kwa mama mkubwa kuna dirisha moja dogo. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ukiivuta mpaka mwisho, hufunguka hadi f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga unaoingia ni mwingi). Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 hupitisha karibu mara kumi ya mwanga huo. Mara kumi! Hiyo ndiyo tofauti kati ya uso unaosomeka na uso uliojaa chenga, na hakuna bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, itakayokupa tofauti kubwa hivyo kwa bei hiyo. Kwa hiyo ukiwa na fedha za kitu kimoja, nunua lenzi. Bodi iwe ya mtumba.

Yangu ni Nikon D90, toleo la mwaka 2008, megapikseli 12.3, na bado naitumia. Picha ya inchi 10 kwa 7 iliyochapishwa vizuri, nukta 300 kwa kila inchi, haihitaji hata megapikseli 7. Anayekushawishi uuze kamera nzima ili upate megapikseli zaidi, mwulize atazichapisha wapi. Niliichagua D90 kwa sababu ina mota ya fokasi ndani ya bodi, ile inayozungusha lenzi mpaka picha iwe kali, hivyo lenzi za zamani za aina ya AF-D, ambazo mtumba wake ni wa bei nafuu, hufokasi zenyewe. Bodi za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota hiyo. Ukifunga lenzi ya namna hiyo kwenye bodi hizo, utafokasi kwa mkono. Si kosa kununua mojawapo, lakini ujue kabla ya kutoa pesa.

Kwenye mtumba, chukua tochi ya simu uimulike lenzi kwa nyuma, ukitazama kwa mbele. Ukiona kitu kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu. Iache. Hewa yetu ya Rungwe ina unyevu mwingi, kuvu haitakaa kimya. Uliza pia shata, lile pazia la ndani linalofunguka kila unapopiga picha, imeshapigwa mara ngapi, na ujaribu kila kitufe hapohapo dukani.

Na hii ya baridi niiseme haraka. Mwezi wa sita na wa saba, ukitoka Kitulo au Njombe alfajiri ukaingia kwenye nyumba yenye moto, kamera itatoa jasho ndani na nje. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, uiache ipate joto polepole kabla ya kuifungua. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, maana baridi huimaliza mapema.

Sasa nirudi kwenye uso, maana hapo ndipo nilipojifunza zaidi.

Kipimo cha mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kimetengenezwa kikiamini kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu cha wastani. Kipe ukungu mweupe wa Isyonje, kitaugeuza kijivu. Sasa msimamishe mtu wa ngozi nyeusi mbele ya ukungu huo: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na mtu wako anabaki kivuli chenye meno. Ukijaribu kumwokoa baadaye kwenye kompyuta, unavuta chenga pamoja na uso. Dawa yake iko kwenye kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwenye ukungu mimi huongeza moja, wakati mwingine moja na nusu, au naiambia kamera ipime usoni peke yake. Ukungu ukizidi weupe kidogo, uache. Hakuna aliyekuja kuutazama ukungu.

Tena piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalibana, usipige JPEG peke yake, lile faili la kawaida lililobanwa. JPEG huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, wakati RAW ya biti 12 huhifadhi 4,096. Ngozi nyeusi ina mabadiliko mengi madogo kati ya paji la uso na shimo la shavu. Kwenye JPEG iliyopigwa gizani, mabadiliko hayo hushikana yakawa doa moja, na doa likishakuwa doa halirudi kuwa shavu.

Tukuyu ina tabu nyingine ambayo sikuisoma popote, niliiona mwenyewe. Ukimpiga mtu chini ya migomba, mwanga unaomfikia umepita kwenye majani, na unakuja kijani. Wewe uliyesimama pale huuoni, kwa sababu macho yameshauzoea. Ukifungua picha jioni, unakuta taya na upande wa shingo vina ukijani wa mtu mgonjwa. Wengi hapo hukimbilia kuongeza mwanga, na uso unakuwa wa kijani na mweupe kwa pamoja. Usiguse mwanga. Tafuta kirekebisho kinachotoka kijani kwenda waridi, ukisogeze kidogo upande wa waridi huku ukitazama weupe wa jicho. Weupe wa jicho ukitulia, ngozi nayo imerudi nyumbani. Halafu acha kijani kidogo kwenye nguo na ukutani, kwa sababu kweli alikuwa chini ya migomba.

Programu ya kufanyia kazi hiyo si lazima ilipiwe. Lightroom 6 ya mwaka 2015 ndiyo ilikuwa ya mwisho kuuzwa kwa malipo ya mara moja, na sasa Lightroom ni ya kulipia kila mwezi. Mimi natumia darktable, ambayo ni bure na inafungua RAW. Mwanzoni inatisha kwa wingi wa vitufe, lakini vitano vinatosha: mwanga, rangi ya mwanga, vivuli, kukata pembeni, na kunyoosha upeo. Kwa simu, Snapseed inafaa. Ila kabla ya kuanza, punguza mwanga wa skrini. Nilikuwa nahariri usiku, skrini ikiwaka kwa nguvu zote, kila picha naiona inang'aa, na studio wakizichapisha zinatoka nyeusi tii. Kosa lilikuwa skrini yangu.

Kitu kimoja sikifanyi tena, na nakuomba usikifanye: kung'arisha ngozi ya mtu ambaye hakukuomba. Tumeurithi ubaya huu. Miaka mingi maabara za filamu zilipimia rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi waliyoiita Shirley. Uso wake ukitoka sawa, mashine ilihesabika iko sawa, na sisi tukatoka tulivyotoka. Google walipotoa simu ya Pixel 6 mwaka 2021, walitangaza teknolojia ya Real Tone ya kuonyesha ngozi nyeusi kama ilivyo. Mwaka 2021! Baada ya kusubiri muda wote huo, leo kamera zinatuona, halafu tunajifuta wenyewe kwa kidole. Inaniuma ninapoona bibi harusi wa Mwanjelwa amepakwa rangi ya mtu mwingine kwenye albamu atakayowaonyesha wajukuu.

Chunusi ya juzi nafuta, kwa sababu wiki ijayo haitakuwepo. Kovu, baka, pengo na mikunjo siviondoi. Nikitaka kujua kama nimezidisha, nafunga picha, nalala, asubuhi naiweka karibu na ile ambayo haijaguswa.

Mwaka 2013 nilirudi kwa mama mkubwa. Nilimkalisha kwenye kigoda, dirisha likiwa upande wake wa kushoto ili mwanga uanguke kwenye kovu, na mlango nikauacha nusu wazi. Lenzi ya 50, f/2, nikapima mwanga shavuni. Kwenye kompyuta niliinyoosha picha, nikapoza kidogo rangi ya moto wa kuni, basi. Nikaichapisha nakala mbili na kumpelekea.

Aliisogeza mlangoni kama mara ya kwanza. Akapitisha kidole gumba chini ya jicho, kwenye picha, kisha kwenye shavu lake. "Ndaga fijo, mwanangu," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Ile nakala ya pili aliniambia niipeleke Iringa kwa dada yake, na niende nayo mwenyewe, nisiitume kwa basi.