Pamba kanona au ana mimba? Maswali yenu ya sungura

SWALI: Mwangaluka mama, shikamoo. Mi niko Isevya hapa Tabora. Tuna sungura wa watoto, jike, mweupe macho mekundu, anaitwa Pamba, ana kama miaka miwili na hatumfugi kwa nyama, ni wa kukaa naye tu. Sa hivi kila anayeingia uani ana la kwake. Jirani anasema kanona sana, mume wangu anasema ana mimba wakati hajaonana na dume toka tumlete, shemeji juzi kasema huyo kaiva tayari kwa mchuzi, mtoto akalia mpaka akalala bila kula. Nikampeleka dukani kwenye mizani tukamweka ndani ya boksi ikasoma kilo 5 na gramu 600. Chini ya kidevu ana ngozi imening'inia kama mfuko. Anakula majani, pumba, ugali uliobaki na msimu huu maembe, maana tuna mwembe uani yanadondoka tu na watoto wanampa. Nitajuaje kama uzito wake uko sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu, mwangaluka. Kwanza mwambie mtoto anyamaze, Pamba haendi jikoni.

Mimba muiondoe kichwani. Sungura hubeba mimba kama siku 31 hivi, sasa kama toka aje hajakutana na dume hapo hamna mimba, hamna cha kusubiri. Na huo mfuko wa kidevuni usikutishe, majike wengi wakishakua wanakuwa nao, ni maumbile yao. Unakuwa tatizo pale unapokuwa mkubwa hadi anashindwa kuinama kujilamba, au unalowa kila akinywa maji na ngozi ya ndani inakuwa nyekundu.

Tuje kwenye mizani. Hiyo kilo 5.6 boksi mlilitoa? Kama hamkulitoa basi hujajua uzito wa Pamba, umejua wa Pamba na boksi. Pima boksi tupu kwanza, halafu na yeye ndani, toa. Mweupe mwenye macho mekundu wa saizi hiyo mara nyingi ni wa aina ya sungura inayoitwa New Zealand au ana damu yake, na jike wa New Zealand aliyekomaa huwa kati ya kilo 4.5 na 5.4. Kwa hiyo hata mkitoa boksi nadhani yuko kwenye mpaka au kapita kidogo. Ila namba peke yake isikupe jibu mwanangu, maana sungura hawalingani, kuna aina ya Netherland Dwarf anaishia kama kilo 1 na kuna Flemish Giant anapita 6, na hawa wa kwetu waliochanganyika huwezi kujua babu yao alikuwa nani. Kilo 5 kwa mmoja ni afya, kwa mwingine ni mzigo.

Jibu liko kwenye vidole vyako. Macho yanadanganywa na manyoya, sungura anaweza kuonekana bonge kumbe ndani ni mifupa. Mweke chini juu ya kanga au gunia asiteleze, ukae naye mpaka atulie, na ukimnyanyua shika kifua kwa mkono mmoja na matako kwa mwingine, kamwe usimnyanyue kwa masikio, na usiache miguu ya nyuma ikining'inia kwa sababu akirusha teke anaweza kujivunja uti wa mgongo mwenyewe. Halafu pitisha vidole ubavuni polepole bila kukandamiza.

Ngoja nikuoneshe kitu cha kulinganisha, uko nacho sasa hivi hapo ulipo. Kunja ngumi upapase vile vifundo vya juu, mbavu zake zikisikika hivyo, kali na wazi, kakonda. Sasa nyoosha mkono upapase mgongo wa kiganja, mifupa unaisikia ila ina kitu juu yake, hapo ndipo tunapotaka awe. Geuza upapase nyama ya kiganja chini ya kidole gumba, kama mbavu zake zimezama hivyo mpaka ukandamize ndio uzipate, basi kanona. Fanya hivyohivyo kwenye uti wa mgongo na nyonga, ziwe za mviringo, zisichome kama msumeno na zisipotee kabisa. Mwisho msimamie umwangalie kwa juu, nyuma ya mbavu paingie ndani kidogo kama kiuno. Akiwa kama chungu, amepanuka pande zote, jirani yako kasema kweli.

Na kwa chakula ulichonitajia naona jirani kasema kweli. Maembe, ugali na pumba kwa mnyama mmoja anayekaa bandani kutwa! Embe lina sukari nyingi, tumbo la sungura limeumbiwa nyasi. Mi sisemi asionje, kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba mara moja au mbili kwa wiki hakina shida, watoto wagawane zamu ya kumpa. Ugali acha kabisa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni nzi. Sungura ana mavi ya aina mbili, yale makavu ya duara unayofagia, na mengine laini yameshikana kama kishada ambayo anayala mwenyewe moja kwa moja toka nyuma, msishangae, anayahitaji kwa lishe. Aliyenona hafiki huko nyuma, kwa hiyo yanabaki yameganda kwenye manyoya, na msimu wa maembe nzi ndio wamejaa uani, wanataga hapo, na funza wanaweza kumla akiwa hai ndani ya siku moja au mbili tu. Kwa hiyo mgeuze umkague matako asubuhi na jioni, na ukikuta funza usianze kutafuta dawa za nyumbani, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Angalia na nyayo za nyuma pia, uzito ukizidi manyoya yanaisha na vidonda vinatokea hasa kama sakafu ya banda ni waya, mtandikie ubao au mkeka.

Kumpunguza ni taratibu, tena nakuomba usimshindishe njaa hata siku moja. Sungura mnene akikosa chakula ghafla ini linajaa mafuta na utumbo unasimama, anakufa huku mnasema anapungua. Pumba zipunguze kidogokidogo kila wiki kwa mwezi mzima, na nyasi ziwepo usiku na mchana bila kipimo. Sa hivi mvua zinanyesha majani yapo bwerere, majani ya tembo, kishona nguo, matembele, kata na mengine mkaushe kivulini yatamfaa kiangazi. Usikate karibu na shamba la tumbaku, jani lake ni sumu na dawa zinapigwa huko, na majani ya nyanya, ya parachichi na kisamvu kibichi asipewe. Mfungulieni uani asubuhi na jioni jua likipoa akimbie, mtu akiwepo kwa sababu ya mbwa na mwewe. Mpime kila Jumamosi asubuhi kwa mizani ileile, andika kwenye daftari. Itachukua miezi, na ndivyo inavyotakiwa.

SWALI: Shikamoo mama, niko Ujiji, Kigoma. Mi nina sungura mdogo wa wiki kumi, tumbo kubwa kweli watoto wanasema kashiba, ila nikimshika mgongoni mifupa inachoma. Nampa chakula cha kuku. Ni mnene au?

JIBU: Marahaba baba. Huyo si mnene, huyo kakonda na anaumwa. Tumbo si kipimo cha unene, kipimo ni mgongo, na mgongo umeshakwambia. Mdogo wa umri huo mwenye tumbo kubwa na mgongo mkali mara nyingi ana koksidia, vijidudu vya utumboni, na vinaua wadogo haraka. Chukua mavi mabichi ya leo kwenye karatasi uende nayo kwa bwana mifugo yaangaliwe kwa hadubini, aangalie na meno pia, ya mbele yanaota kama milimita 2 kwa wiki na yakipishana anashindwa kula.

Chakula cha kuku kitoe leo. Kingine kinawekwa dagaa, kingine kina dawa ambazo kuku anazivumilia ila sungura zinamuua. Badala yake mpe nyasi kavu safi na maji, na banda likauke, lisafishwe kila siku. Wala usimpe amoksilini ya watu hata kama jirani kakwambia ilimsaidia wake, ya kumeza inaharibu utumbo wa sungura. Na akipitisha kama masaa 12 bila kula au bila kunya, hata kama ni Jumapili usiku, mpigie bwana mifugo.